Kilio cha Papa Mukendi, Kamera Ikizunguka

Mlinipa saa ya ukutani siku ya kuniaga, wanangu wa studio, mimi ambaye sina tena mahali pa kuchelewa. Asanteni sana. Halafu mmoja wenu, simtaji jina, akaniambia: "Mama Béa, utuandikie basi vile kazi ilikuwaka zamani." Nimekaa hapa Kamalondo na daftari, na nitaandika. Lakini msitafute humu nani alipandishwa cheo na nani alipewa gari. Hayo yako kwenye mafaili ya ofisi, na panya wameyasoma kabla yenu.

Niliingia studio kama mpiga chapa. Kampuni ya shaba wakati ule ilikuwa na kila kitu chake: hospitali, shule, timu ya mpira, na hata studio ya sinema, nyumba ndefu ya matofali mekundu yenye paa la mabati. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza filamu fupi za kuwafundisha wafanyakazi wasife. Usiguse waya. Vaa kofia. Angalia reli kabla ya kuvuka. Zilionyeshwa kambini Jumamosi kabla ya filamu ya ma-cowboy, na watu walizivumilia kama mtoto anavyovumilia dawa ya minyoo.

Mkuu wa studio alikuwa Mwingereza, Bwana Winslade, mrefu, mwembamba, soksi zimepanda hadi magotini. Kwao Londoni alikuwa mtayarishaji wa filamu za kuchekesha, halafu mkurugenzi wa studio nzima, mpaka asubuhi moja alipofika kazini akakuta studio imeuzwa na wenyewe wapya wanapima ukumbi wake wapate kutengenezea magodoro. Alihadithia hivyo bila uchungu wowote, kama habari za jirani. Kutoka hapo alishuka mpaka migodi ya Zambia kupiga filamu za usalama, akavuka Kasumbalesa kuja kwetu kwa mkataba wa miaka miwili, akakaa zaidi ya ishirini. Kiswahili alijifunza kwenye kitabu cha pwani, chenye "tafadhali" na "samahani" kila ukurasa. Lubumbashi nzima ilimdhania padri.

Siku yangu ya kwanza sikuigusa mashine ya chapa. Winslade alinikuta mlangoni na mkoba wangu mpya akanionyesha ukuta kwa kidole. Nyuma ya ukuta mama mmoja alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, kinu kinalia du, du, du, na ndani mafundi wamekaa wanaangaliana, maana kila neno waliloliingiza kwenye mkanda lilitoka na sombe.

"Tafadhali," akaniambia, "mwombe yule bibi anyamaze."

Nikaenda na viatu vyangu vya visigino na Kifaransa changu cha shule ya masista. Yule mama akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni.

"Nikinyamaza, batoto batakula nini? Batakula sinema yenu?"

Nikarudi na jibu hilo. Winslade akauliza nimefanya nini baada ya hapo. Nikasema nimekuja kumwarifu. Akasema kuarifu ni kazi ya posta. Basi nikarudi tena, safari hii nikavua viatu, nikamwambia yule mama kwamba tuko watu kumi na mmoja na hatujala. Kama atapika bukari yetu, ugali wa kwetu, sasa hivi na kutwanga wakati sisi tunakula, leo tutakula kwake.

"Na kesho?" akauliza, bila kuachia mchi.

Na kesho. Alitupikia miaka kumi na minne. Jioni ile Winslade aliniambia mashine ya chapa atapewa mtu mwingine. "Mtayarishaji wa filamu," alisema, "ni mtu anayejua viti viko wapi, chakula kiko wapi na choo kiko wapi. Mengine ni majivuno." Nimeifanya kazi hii maisha yangu yote na bado sijaona alipokosea, ila alisahau mvua.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Papa Mukendi, mkata filamu wetu. Ninyi leo mnakata kwa kidole kwenye kioo, mkikosea mnarudisha. Yeye alikaa kwenye meza yake na aproni ya kijivu, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, glavu moja nyeupe, mkasi, na kopo la gundi iliyotutia sote kizunguzungu. Filamu aliishika kwa meno wakati mikono inafanya kazi nyingine. Nilikuwa nikimletea picha niliyoihangaikia wiki nzima, ng'ombe tuliyemfuata mpaka akatembea vizuri, naye anaiangalia mara moja na kusema katikati ya meno: "Mama Béa, ile plan iko murefu. Nitaikata." Plan ndiyo kipande cha picha, kama hamjui. Nilimchukia miaka mitatu hivi, halafu nikaanza kuona kwamba kweli ilikuwa ndefu.

Baba yake alikuja toka mkoa wa Kasai enzi za kujenga reli. Mukendi mwenyewe alizaliwa hapa Lubumbashi, mtaa wa Katuba, alibatizwa Katuba, alioa Katuba, na Kasai aliijua kama mimi ninavyoijua Ulaya, kwa picha.

Sasa, shida ya filamu za usalama ni kwamba lazima mtu afe. Na hakuna aliyetaka kufa. Tulimpata mfua chuma mmoja akakubali kuanguka toka kwenye ngazi, tukamlaza chini, tukammwagia maji ya nyanya kichwani, na kabla kamera haijazunguka mke wake aliingia na mwavuli. Alimwinua mume kwa sikio. "Unajiitia kifo mbele ya bazungu?" Hatukumwona tena yule bwana, na alikwenda na kofia yetu. Ndipo Mukendi akavua aproni, akaisokota kama mto, akajilaza mwenyewe. Alisema yeye haogopi, kwa sababu filamu itapita mezani kwake na akijiona amekufa vibaya atajikata. Tangu siku hiyo akawa maiti wetu. Alikufa kwa waya, kwa ngazi, kwa behewa, kwa moshi na kwa uzembe mara tatu mbalimbali. Kambini watoto walimfuata barabarani: "Papa, leo unakufa na nini?" Naye anajibu, bila kusimama: "Leo na njaa."

Halafu ile kampuni yenye kila kitu ikaanza kukosa kimoja kimoja. Kwanza umeme ulikatika asubuhi, halafu siku nzima. Mishahara sitasema, niliahidi. Siku askari walipopora mji waliingia na kwetu. Mukendi aliwafungulia mlango kwa heshima zote, akawaonyesha makopo ya filamu moja moja, akiwaeleza kila moja ni ya hatari gani kazini, mpaka wakachoka. Walichukua viti vyote. Kamera waliiacha, kwa sababu ilikuwa nzito na hawakuona pa kukalia.

Baada ya askari tukaona jambo baya kuliko uporaji. Vijana wenye vitambaa kichwani walianza kupita nyumba kwa nyumba wakiwaambia watu wenye asili ya Kasai warudi kwao, kama kwamba mtu anarudi mahali asikotoka. Wengine walipigwa. Wengine walirudi jioni wakakuta nyumba zao zimechomwa. Katuba, kiongozi wa wale vijana alikuwa Ilunga, fundi wa redio, kijana ambaye sote tulimpa redio zetu atengeneze. Alimpa Mukendi mpaka Jumamosi awe ameondoka. Mukendi akamhamishia mke wake, Mama Ntumba, kwa dada yake Kasungami, pembeni ya mji kwenye barabara ya mpakani, na yeye mwenyewe akaja kulala studio katikati ya makopo. Njia ya kwenda Kasumbalesa ilikuwa na vizuizi, na kwenye kila kizuizi kuna vijana wanaomjua uso. Ndiyo faida ya kufa mara saba mbele ya kambi nzima.

Winslade, katika hali hiyo, aliamua tutengeneze filamu ya kuchekesha. Zilibaki boksi nne za filamu, na alisema hawezi kuzimaliza kwa kofia za chuma. Ilikuwa hadithi ya ndugu wanaogombania shamba kwenye kilio cha baba yao. Maiti, mnajua nani. Mukendi alikubali haraka. Alisema amechoka kujificha amesimama, afadhali ajifiche amelala.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu kubwa la kazi, na nilifanya kwa kujisifu. Nilitaka kilio cha kweli. Uani kwa shangazi yangu, Katuba, nilifunga turubai, nikakodi viti hamsini kwa wale wanaokodisha viti vya misiba, nikaweka matawi ya mchikichi kwenye kona ya barabara, nikaleta jeneza jipya la kuazima kwa seremala, na nikawaita mama wawili wenye sifa ya kulia mpaka mbwa wa jirani wanaungana nao. Niliweka kila kitu ambacho kilio kinataka. Kitu kimoja tu sikufanya: sikuwaambia majirani kwamba ni sinema.

Kwetu mtu akiona matawi kwenye kona haulizi nani amekufa. Anaingia, anakaa, analia, na jina ataambiwa baadaye. Saa tatu asubuhi Mukendi, tuliyemleta alfajiri amefichwa nyuma ya pick-up ya studio, alitundika aproni na miwani kwenye msumari, akalala kitandani chini ya turubai, nikamtia pamba puani na kumfunika shuka nyeupe. Wale mama wawili wakaanza. Kufika saa tatu na nusu viti vyote hamsini vilikuwa vimejaa watu ambao sikuwaita, na wengine wamekaa chini. Winslade alikuwa anatabasamu nyuma ya kamera kama mtu aliyeokota pochi. "Wanalia vizuri sana," aliniambia kwa sauti ya chini. "Tumewapata wapi?"

Kabla sijamjibu, bibi mmoja alifunua shuka apate kumwona marehemu.

"Mawee! Ni Papa Mukendi! Balimuua!"

Habari ilitoka uani mbio kuliko mimi. Nilikimbilia barabarani nikisema "hapana, hapana," na watu wananishika mikono wananiambia, "Pole, mama, lia tu." Kwaya ya parokia ilifika na ngoma zake. Na katikati ya kwaya nikamwona Mama Ntumba, amekuja toka Kasungami, kitambaa kimeanguka, viatu ameshika mkononi. Alikuwa analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wa kukodi. Nilimfuata nimwambie ukweli. Nilishamshika bega, mdomo nimeufungua. Ndipo Ilunga akaingia uani na vijana wake kumi.

Nilifunga mdomo. Jamani, niliogopa. Kichwani mwangu mahesabu yalikuwa rahisi: Mukendi akiinuka, hafiki jioni. Akibaki amekufa, atapona. Mimi ndiye niliyemuua bila kujua, sasa ilinibidi nimshikilie huko.

Ilunga alivua kitambaa kichwani. Hilo lilinishangaza. Akasimama miguuni pa kitanda.

"Alikufa na nini?"

"Moyo," nikasema.

"Huyu njo ule anakufaka ku sinema."

"Njo yeye. Sasa alikufa ku nyumba."

"Na ile kamera?"

"Familia inataka ukumbusho," nikasema. "Bandugu ya mbali bataona."

Alimgeukia Winslade. Winslade, ambaye alikuwa haelewi kitu ila anaelewa sura za watu, alitoka nyuma ya kamera, akaunganisha mikono na kusema kwa Kiswahili chake safi: "Marehemu alikuwa mtu mwema. Tafadhali, ketini."

Vijana wote kumi waliketi. Mmoja akanong'ona, "Ni padri."

"Mon père," Ilunga akasema, "utuombee basi."

Winslade hakuwa ameingia kanisani tangu siku ya kubatizwa, na ile siku hakuulizwa. Alinitazama mimi. Mimi nilitazama chini. Kiswahili kirefu alichokijua kwa moyo kilikuwa kimoja tu, maneno ya filamu zetu. Basi akainua uso kwenye turubai na kuanza, polepole, kwa sauti nzito:

"Ndugu wapenzi, tuwe macho, maana hatari haipigi hodi. Tusiguse kisichotuhusu. Tutazame upande huu, na tutazame upande ule, kabla hatujavuka. Na yule aliye juu, tusisimame chini yake bila kofia."

"Amina," ikajibu Katuba yote. Kuna waliolia upya.

Nikadhani tumepona. Nilikuwa nimewasahau wajukuu. Mnajua desturi: wajukuu wa marehemu, wa damu na wa heshima, huvaa nguo zake na kumwigiza, alivyotembea na alivyogomba, ili watu wacheke kidogo katikati ya machozi. Charlène, msusi wa mtaa ule, alikuwa amemwita Mukendi kambo, yaani babu, maisha yake yote. Aliona aproni na miwani kwenye msumari. Akavaa. Akashusha miwani mpaka ncha ya pua, akauma mkanda wa kusukia nywele katikati ya meno, akainua mkasi wake wa kazi, na akanijia mimi mbele ya watu wote.

"Mama Béa! Ile machozi yako iko murefu! Nitaikata!"

Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Charlène akaendelea. Akaikata kwaya. Akaikata pua ya Winslade, akasema hii plan haimaliziki. Akamwendea Ilunga mwenyewe, akamwangalia juu ya miwani na kutikisa kichwa: "Uyu ilibakia kidogo akuwe muzuri. Gundi njo ilipunguka." Hata Ilunga aliuma mdomo. Na mimi, badala ya kucheka, niliangalia kitandani, kwa sababu nilikuwa namjua Mukendi, na nilijua kitu kimoja ambacho hakuweza kukistahimili ni mtu kumwigiza vizuri.

Shuka ilikuwa inatikisika.

Kwanza kwenye tumbo, kidogo. Halafu mabegani. Niligeuka nikaona macho ya Ilunga yako palepale yalipo yangu. Sikufikiri. Niliruka juu ya Mukendi kwa uzito wangu wote, ambao haujawahi kuwa mdogo, nikamkumbatia na kumtikisa nikipiga ukelele: "Mukendi weee! Unatuachia nani? Mukendi!" Na katikati ya ukelele, sikioni mwake: "Ukicheka tena nitakuzika bya kweli."

Mama Ntumba naye alijitupa upande wa pili. Nilimsikia ananyamaza ghafla. Alikuwa ameshika mkono wa mume wake na mkono ulikuwa na joto, na nadhani ulimfinya. Tulitazamana juu ya kifua cha yule mtu, uso kwa uso. Macho yake yaliniuliza, nami nikageuza yangu kidogo kuelekea Ilunga. Basi akavuta pumzi na akalia mara mbili kuliko mwanzo, na wale mama wangu wawili wa kukodi walisimama kumwangalia, kazi imewashinda.

"Mutu asikae na mufu ku joto hii," Ilunga akasema nyuma yangu. "Tubebe. Munamuzika wapi?"

"Kasungami," akajibu Mama Ntumba, bila kusita hata nukta moja. "Kwa shamba ya dada."

Mimi na Mama Ntumba tulimtia kwenye lile jeneza sisi wenyewe, tukalifunika. Vijana wa mtaa ndio wanaobeba jeneza, hiyo pia ni desturi. Kwa hiyo wale wale waliompa Mukendi mpaka Jumamosi walimbeba mabegani siku ya Alhamisi, wakampandisha kwenye pick-up ya studio na kutangulia mbele yetu wakiimba. Kila kizuizi kilifunguliwa kabla hatujafika. Mimi nilishika usukani. Winslade alikaa kando yangu akiwabariki watu dirishani, maana mkono wake ulikwisha kuzoea. Kwenye kizuizi cha mwisho Ilunga aliinua kamba mwenyewe. Halafu akaja dirishani kwangu na kuniingizia kibuyu chake cha plastiki kilichojaa maji.

"Kuko joto mule ndani," akasema.

Hakusema ndani ya nini. Alifunga kitambaa chake kichwani, akarudi Katuba na vijana wake. Sijamwuliza hadi leo, na sitaki mtu amwulize.

Tulisimama kwenye mahindi nyuma ya Kasungami. Tulifungua jeneza, Mukendi akaketi, pamba bado iko puani, amelowa jasho, na neno lake la kwanza likawa: "Mulikatia wapi?" Alitaka kujua kama Charlène aliingia kwenye picha. Aliingia mzima. Tulimaliza boksi nne mpaka inchi ya mwisho, maana Winslade katika hofu yake alisahau kuzima kamera, na mafundi kila boksi likiisha waliingiza jingine.

Mama Ntumba alishuka toka nyuma ya gari, akanipiga kofi. Akampiga na mume wake. Winslade alisema "samahani" kabla hajafikiwa, akaponea hapo.

"Toka Kasungami mpaka Katuba," aliniambia, "njia yote, na miguu, nilikuwa mujane. Utanirudishia namna gani ile njia?"

Swali hilo nimekaa nalo miaka mingi. Nyote mnaotaka kazi hii, mtaambiwa mtayarishaji ni mtu wa kupanga, na ni kweli. Mimi siku ile nilipanga viti hamsini na sikumpangia kiti mke wa mtu.

Kasumbalesa malori yalikuwa yamejipanga mpaka hauoni mwisho. Winslade alivuka na Mukendi na Mama Ntumba kwa miguu, ameshika makopo ya filamu, akisema ni mafundi wake. Alinipa funguo za studio akaniambia anarudi wiki ijayo. Alizeekea upande ule, na akafia upande ule. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkurugenzi, kama mliwahi kujiuliza, nikiwa na jeneza tupu na pick-up isiyo na mafuta. Seremala alikataa kulipokea jeneza, akasema limekwisha kulaliwa. Tulilitumia kama kabati la makopo, ndilo lile mlilolipaka rangi ya bluu.

Meza ya Mukendi niliikalia mimi. Hakukuwa na mwingine. Nilikata vibaya mwaka wa kwanza, na kila nilipopenda picha mno nilijua ni ndefu.

Mukendi alirudi baada ya vita vilivyofuata kupita, mvi kichwani, na filamu yetu imesafishwa maabara huko. Tuliionyesha Katuba kwenye ukuta wa shule, na watu wakajiona wenyewe miaka ile wakilia, na katikati yao shuka inacheka. Mnadhani walifurahi? Walikasirika! Bibi mmoja alisimama mbele ya picha, kivuli chake ukutani: "Na machozi yangu je? Nililia siku tatu. Nilipika maharage!" Ilibidi wazee wakae. Wakaamua kwamba Mukendi alilala kilio cha watu bila kufa, kwa hiyo atawarudishia. Na aliwarudishia. Miaka yake yote iliyobaki hakukosa msiba hata mmoja Katuba. Alifika wa kwanza, alibeba viti, alilia kwa bidii hata watu asiowajua, na Mama Ntumba kando yake. Studio aliniachia siku hizo bila kuomba ruhusa. "Nina deni ya kilio," alisema.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, alikufa. Alikuwa amekaa mezani kwake nyumbani, miwani usoni. Nilifunga turubai mwenyewe, maana sijui kazi nyingine. Matawi niliyaweka kwenye kona. Katuba yote ilikuja, viti vikajaa, Charlène na wajukuu wake mwenyewe, Ilunga na mvi zake kwenye mstari wa nyuma. Wote walikaa. Na hakuna aliyelia. Walikuwa wanaangalia shuka. Kwaya ilisimama na ngoma haikupigwa. Kila mtu alikuwa anamngoja mwenzake aanze, asije akadanganywa mara ya pili, na mimi niliyemfumba macho kwa mkono wangu nilikuwa naiangalia shuka pamoja nao, na nilikuwa nangoja.

Mama Ntumba aliinuka kwenye mkeka. Alitembea mpaka kitandani, akaweka mkono kifuani pa mume wake, akauacha hapo muda mrefu. Kisha akatugeukia.

"Bantu ya Katuba," akasema, "leo hapana sinema. Mulie."